Duels za Daytona: macho yawe mkiani, si kichwani

Kinachouzwa ni hiki: tiketi moja, Alhamisi usiku, mbio mbili za magari ya stoku (yenye umbo la magari ya kawaida ya mtaani) katika uwanja wa Daytona International Speedway, Florida, siku tatu kabla ya Daytona 500, mbio kuu ya Jumapili. Kila Duel ina mizunguko 60 ya njia ya maili 2.5, yaani maili 150, karibu kilomita 241. Bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo ajali ikitokea, isipotoka mara nyingi, moja inakwisha ndani ya saa nzima. Matokeo yake ndiyo yanayopanga nani aanze wapi Jumapili, na nani asianze kabisa.

Anayekuja kutazama vita ya ushindi atatoka akinung'unika. Anayejua ni magari gani hayana uhakika wa Jumapili hatapata usiku mtamu kuliko huu katika wiki yote ya Daytona. Kwa hiyo kabla ya kununua, ielewe hesabu.

Daytona 500 ina nafasi 40. Kati ya hizo, 36 ni za magari yenye chata, hati inayoihakikishia timu nafasi katika kila mashindano ya msimu. Mfumo huo ulianza 2016. Mwenye chata hata akibamiza ukuta kwenye mzunguko wa kwanza wa Alhamisi, Jumapili yumo. Zinabaki nafasi 4, na hizo ndizo zinazogombewa na wasio na chata. Mbili zinatoka Jumatano usiku kwenye majaribio ya kasi, ambapo kila gari linazunguka peke yake dhidi ya saa. Mbili zinatoka kwenye Duels, moja kwa kila Duel, na anayezipata ni yule anayemaliza mbele ya wenzake wasio na chata. Anaweza kuwa wa 5 au wa 18, haijalishi. Ushindani wake ni na watu watatu au wanne tu kati ya ishirini na kitu walioko barabarani.

Jumatano hiyohiyo inafunga pia safu ya mbele: wawili wenye kasi kuliko wote wanaanza wa 1 na wa 2 Jumapili. Duel ya kwanza inapanga foleni ya ndani kuanzia safu ya pili kwenda nyuma, Duel ya pili inapanga foleni ya nje. Ndiyo maana mshindi wa ya kwanza kwa kawaida huanza wa 3, na wa ya pili huanza wa 4.

Kuna kipengele kinachowachanganya hata watazamaji wa miaka mingi. Gari lisilo na chata ambalo tayari limeingia kwa kasi ya Jumatano likimaliza mbele ya wenzake kwenye Duel, linahesabiwa kuwa limeingia kwa mbio, na ile nafasi yake ya kasi inamwangukia anayefuata kwa muda wa Jumatano. Mwaka 2021 Ryan Preece alikuwa ameshaingia kwa kasi. Kwenye Duel ya kwanza akamaliza mbele ya Ty Dillon, naye Dillon alikuwa ndani ya kumi bora. Dillon akarudi nyumbani, Austin Cindric aliyekuwa nyuma yake akaingia kwa muda wake wa Jumatano. Asiyeielewa kanuni hii anabaki akishangaa kwa nini aliyeendesha vizuri anatolewa na aliyeendesha ovyo anapigiwa makofi. Dawa ni ndogo tu: andika kwenye karatasi majina ya wasio na chata na muda wao wa Jumatano, ukae nayo mkononi. Mwaka 2025 walikuwa 9, wanaenea nyuma ya bahasha. Mwaka huo pia lilifunguliwa dirisha jipya, nafasi ya ziada juu ya zile 40, kwa dereva mwenye jina kubwa kutoka mashindano mengine. Helio Castroneves alipata ajali kwenye Duel, lakini akaanza Jumapili akiwa wa 41.

Sasa kasoro kuu ya bidhaa yenyewe. Gari likiharibika Alhamisi na timu ikalazimika kutoa la akiba, linaanza mkiani Jumapili, hata kama lilikuwa limeshinda nafasi ya kwanza. Wa safu ya mbele basi hana cha kupata Alhamisi, ana cha kupoteza tu. Mara nyingi utamwona akiachia nafasi mapema, anarudi nyuma taratibu, anajitenga na msafara kwa umbali wa kutosha kukwepa ajali ya mbele. Si woga, ni hesabu. Ila wewe uliyelipa kumwona mwenye gari la kasi kuliko yote akipambana, umeuziwa dereva anayetembeza gari. Tangu 2017 NASCAR, chama kinachoendesha mashindano haya, imejaribu kutibu hili kwa pointi: kumi bora wa kila Duel wanapata kuanzia 10 kwa mshindi hadi 1 kwa wa kumi. Inasaidia kidogo. Anayewaza ubingwa wa msimu anazitaka pointi hizo, lakini si kwa bei ya gari lake bora.

Halafu kuna kituo cha mafuta, na hapa ndipo Duel inapopatia thamani yake. Tangi lina galoni 20, na kwa mwendo wa Daytona linakupeleka takriban mizunguko 40. Mbio ni mizunguko 60. Kila mtu lazima asimame mara moja, na anahitaji kama nusu tangi tu, ujazo wa debe moja kubwa la kujazia mafuta. Tairi hazibadilishwi, kwa sababu njia ya Daytona hailambi tairi kiasi hicho na kila sekunde ya kusimama ni mita nyingi zinazokimbia. Gari halipigwi jeki, nati ya gurudumu haiguswi. Fundi mmoja anainamisha debe, anahesabu sekunde, anachomoa, dereva anaondoka.

Inaonekana rahisi, na papo hapo ndipo watu wanapoharibu. Gari lililo peke yake Daytona ni zito kwa upepo. Katika msafara mzunguko unachukua kama sekunde 47, ukiachwa peke yako ni 49 au zaidi. Sekunde mbili kila mzunguko, mizunguko ishirini imebaki: umeshakwisha. Kwa hiyo Ford wanaingia pamoja, Toyota pamoja, Chevrolet pamoja, ili watoke wakiwa foleni na wavutane. Asiye na chata, hasa wa timu ndogo, lazima ajishikize kwenye foleni ya mtu. Akichelewa kuingia kwa gari moja tu, au mafuta yakikawia sekunde moja, wenzake wanaondoka na upepo wao.

Tazama mlango wa kuingilia, pale kona ya nne inapomalizika. Dereva anatoka kasi ya maili 190 kwa saa, anatakiwa kufika kwenye mstari akiwa na 55. Hajagusa breki kwa zaidi ya mizunguko ishirini, kwa hiyo breki ni baridi. Akikanyaga kwa pupa tairi inagoma kuzunguka, inasuguliwa upande mmoja tu mpaka inapata bapa. Utaona moshi mweupe chini ya bawa la mbele, na akirudi barabarani gari linatetemeka kama limepita kwenye makorongo. Akikanyaga kidogo mno anapita mstari na mwendo wa juu, anaadhibiwa kupita tena njia ya mafuta. Kwa mwenye chata hiyo ni aibu ya jioni moja. Kwa asiye na chata ni msimu wa Februari umekwisha.

Mafuta yenyewe nayo yana ubishi wake. Mwaka 2014, mwaka wa kwanza Duels kukimbizwa usiku chini ya taa, Jimmie Johnson aliishiwa mafuta kwenye kona ya nne ya mzunguko wa mwisho wa Duel ya pili. Alipopunguza mwendo waliomfuata walirundikana, na gari la Clint Bowyer likapinduka. Mafuta kidogo tu yaliyopungua.

Kuhusu kusukumana: anayesukuma anataka pua ya gari lake iguse katikati kabisa ya bampa ya mwenzake, na aguse kwenye mstari ulionyooka, asiguse kwenye kona. Magari ya sasa, yaliyoanza 2022, yana bampa zenye mviringo kidogo. Ukisukuma nje ya katikati, pua inateleza upande, mkia wa gari la mbele unanyanyuka na kuyumba. Kisha kuna joto. Pua ikikaa imefungwa nyuma ya gari jingine, rejeta haipati hewa, maji yanapanda. Ndiyo maana kila baada ya muda unaona msukumaji anachungulia nje nusu gari, anavuta hewa, anarudi. Wasiojua hudhani anataka kupita. Anapotaka kupita kweli utamwona akikaa ubavuni karibu na gurudumu la nyuma la mpinzani: upepo unaosukumwa na pua yake unaligonga bawa la nyuma la mwenzake na kulivuta nyuma kama mtu aliyeshikwa shati.

Mifano ya kwa nini macho yakae mkiani ni mingi. Mwaka 2023 Conor Daly hakupata muda wowote Jumatano kwa sababu ya oili iliyovuja, na kwenye Duel gari lake lilirukaruka vibaya mno. Akabaki nyuma kabisa ya msafara, akilinda gari lisife. Austin Hill, mpinzani wake wa nafasi ile, akapata ajali mbele. Daly akaingia Daytona 500 bila kumpita mtu kwa nguvu. Mwaka uliofuata Johnson, bingwa mara saba, alihitaji mzunguko wa mwisho kumpita J.J. Yeley ili apate nafasi. Wakati huohuo Tyler Reddick alikuwa anashinda huko mbele, na hilo ni jambo ambalo wengi hawalikumbuki.

Wala usitumie Duels kutabiri Jumapili. Dale Earnhardt alishinda 12, kumi kati ya hizo mfululizo kuanzia 1990 hadi 1999. Daytona 500 aliipata mara moja tu, 1998. Mbio hizi zimekuwepo tangu uwanja ulipofunguliwa 1959, zikiwa za maili 100, kisha 125, na 150 tangu 2005. Mpaka 1971 ushindi wake ulihesabiwa kama ushindi kamili wa msimu.

Kiti. Tangu ukarabati wa 2016 majukwaa yako upande mmoja tu, mbele, viti vya kudumu 101,500. Safu za chini ni rahisi kupatikana na hazifai: utasikia kishindo, utapigwa na chembe za mpira, na ukuta utakuficha upande wa nyuma wa njia. Panda juu kadiri unavyoweza. Kona zimeinuka nyuzi 31, na kutoka juu unaona msafara wote ukilala kwenye mteremko huo na foleni zikivunjika kabla mtangazaji hajasema. Kwa Duels chagua upande wa kona ya nne kuliko ule wa kona ya kwanza, kwa sababu ya ule mlango wa kuingilia mafuta.

Bila skana ya redio umelipa nusu ya thamani. Weka masafa ya timu mbili tatu zisizo na chata uwasikilize watazamaji wao, wale wanaomwelekeza dereva kwa redio wakiwa juu ya paa: "mmoja nyuma, wako ndani, achia, achia." Vaa vifaa vya masikio hata bila skana, na mtoto avae vya kufunika sikio zima, si vile vya kuchomeka. Februari usiku pale Daytona upepo ni baridi, koti linahitajika. Mvua ikinyesha hakuna mbio, maana njia ya kasi namna hii haina tairi za mvua, na kuikausha kunakula saa kadhaa.

Wanaotazama kwenye luninga wana malalamiko ya haki: kamera inamng'ang'ania anayeongoza, na vita ya nafasi ya 14 inaonyeshwa ikiwa imeshaamuliwa. Fungua orodha ya nafasi kwenye simu, kaa na karatasi yako.

Na bendera ya mwisho ikipungwa usinyanyuke. Mwaka 2025 Erik Jones alivuka mstari wa kwanza kwenye Duel ya pili. Taa ya njano ilikuwa imewaka kabla hajafika, picha zikarudiwa, na kwa kuwa Cindric ndiye aliyekuwa mbele taa ilipowaka, ushindi ukawa wake. Waliokuwa wameshateremka ngazi walijua wakiwa kwenye maegesho.

Mwenye tiketi ya kuingia katikati ya uwanja asogee upande wa gereji dakika chache baadaye. Kwa walioingia, mafundi wanafungua boneti na kuanza kupima. Kwa waliotolewa, mlango wa nyuma wa lori unashushwa, gari linasukumwa juu yake kwa mikono, na mlango huohuo unalipandisha mpaka ghorofa ya juu, likiwa bado na vipande vya mpira kwenye mabawa.