Hukwe Zawose: Chibite au Assembly?

Anayeanza kumsikiliza Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, ningempa kwanza albamu yake Chibite ya 1996. Humo kuna ilimba, ile marimba ya vidole gumba, zeze na sauti za watu. Sauti yake inanguruma chini kisha inapaa juu mno, na maneno ya Kigogo hayafunikwi na chochote. Hata usiyejua Kigogo utasikia anavyolivuta neno, analiacha, analirudia kwa uchungu zaidi. Huo ndio ushairi wake.

Albamu ya Assembly ya 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, ina gitaa la umeme. Nzuri pia, na nadhani vijana wa mjini wataizoea upesi. Ila gitaa likizidi, mimi huitafuta ilimba.