Propela ya mashine ya 40: ipi uchukue na ipi uiache dukani

Mtu ananunua mashine ya boti ya mamilioni, ikifika zamu ya propela anaenda dukani anasema "nipe ya 40", yani ya mashine ya nguvu za farasi 40, anapewa iliyopo, anafunga, boti inaondoka, basi imeisha hiyo. Kumbe mashine inalemewa kila siku na petroli inakatika bila yeye kuelewa kwa nini. Hapa nazungumzia zaidi Yamaha Enduro 40 ya tustroku (two-stroke) sababu ndiyo iliyojaa huku kwetu, kuanzia fiba (boti za fiberglass) za Kilwa na Mafia mpaka boti za Ziwa Victoria, ila ukiwa na 15 au 75 mahesabu ni yale yale, namba tu ndo zinabadilika.

Namba zenyewe zimepigwa chapa kwenye propela, utakuta mfano 11 3/8 x 12-G. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingekuwa yanateleza. Herufi ya mwisho inakwambia ni ya saizi gani ya mashine, G kwa Yamaha ni hizi za 40 kwenda 60, ukibeba ya herufi nyingine utafika ufukweni ukute meno ya shafti hayakai. Muuzaji akikwambia "inaingia tu hiyo" mwambie aifunge mbele yako.

Sasa kabla hujauliza bei jiulize hivi: ukivuta gesi mpaka mwisho na mzigo wako wa kila siku, mashine inafika rpm ngapi, yani mizunguko mingapi kwa dakika? Enduro 40 kwa kitabu inatakiwa iwe kati ya 4500 na 5500. Kama inaishia 4000 pichi yako ni kubwa, mashine inakabwa, joto linapanda, masizi yanajaa kwenye pistoni na mafuta yanaenda. Ikipita 5500 inalia tu wakati boti haiendi kivile, hapo pichi ni ndogo au propela inavuta hewa. Kila inchi moja ya pichi inabadilisha kama rpm 150 mpaka 200 hivi, ukipunguza pichi rpm inapanda, ukiongeza inashuka. Mashine nyingi za kuongozwa kwa mkono hazina saa ya rpm, sawa, ila kuna vile vimita vidogo unazungushia waya wake kwenye waya wa plagi kinakusomea, bei yake haifiki hata propela yenyewe, na wavuvi watatu wanaweza kuchanga wakatumia kimoja. Afu upime ukiwa na barafu, nyavu, watu na mafuta ndani. Sijui nani aliwafundisha watu kujaribu propela boti ikiwa tupu.

Na spidi je? Tuseme gia ni 2 kwa 1, yani mashine ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja, mashine iko 5000, propela inazunguka 2500 kwa dakika, pichi 12, hesabu inakupa karibu noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa). Toa asilimia 10 mpaka 20 ya kuteleza kwa boti nyepesi inayonyanyuka juu ya maji. Boti nzito ya mbao ambayo hainyanyuki hiyo 25 isahau kabisa, na ndo maana kuiwekea pichi kubwa eti iende mbio ni kujitesa.

Haya, kwa mpangilio wangu:

Namba moja ni aluminiamu ya mapanga matatu (yale mabawa ya propela), pichi 11 kama unabeba mzigo, 12 au 13 kama fiba yako ni nyepesi. Orijino ukiipata kwa bei ya maana chukua, la sivyo zile za kampuni ya Solas zinafanya kazi vizuri tu na bei iko chini kidogo. Uzuri wa aluminiamu ni kwamba ukigonga mwamba inapinda au inakatika yenyewe, giaboksi linapona. Kwa watu wanaopita kwenye miamba na mafungu kila siku hilo peke yake linatosha.

Namba mbili, mapanga manne. Inashika maji vizuri kwenye mawimbi na ukiwa umejaza abiria, boti inanyanyuka mapema, ila spidi ya juu inapungua kidogo na rpm inashuka, kwa hiyo ukihama kutoka matatu kwenda manne shusha pichi inchi moja. Kwa boti ya abiria mimi naiweka hata juu ya namba moja.

Namba tatu stenlesi. Panga ni jembamba, gumu, halijikunji, spidi unaiona. Lakini bei ni mara kadhaa ya aluminiamu, na ukigonga, ile nguvu inarudi kwenye raba ya ndani (ile iliyo katikati ya propela inayoshika shafti), shafti na gia. Wanaopeleka wageni kuvua mkondo wa Pemba kwenye maji ya kina, wachukue. Angalia pia zinki za mashine, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, ziwe nzima, sababu stenlesi kwenye maji ya chumvi inaila aluminiamu iliyo jirani.

Nne, ya kuchomelea. Siyo mbaya kama fundi ni mzuri, shida mafundi wengi wanagonga nyundo kwa macho. Ilaze juu ya meza iliyonyooka upime urefu kutoka mezani mpaka ncha ya kila panga, zikitofautiana iache, itatetemesha mpaka beringi na sili (raba za kuzuia maji yasiingie kwenye gia) ziondoke. Ya plastiki iwe ya akiba tu.

Kabla hujalaumu propela mpya kwamba inalia hewa, angalia lile bamba la juu yake, liwe usawa na chini ya boti au chini kidogo. Likiwa juu sana hata ubadilishe propela za duka zima haisaidii. Na mashine ikiwa inapiga resi lakini boti haisogei, mara nyingi raba ya ndani imeachia, hiyo inabadilishwa.

Siku ya kufunga usisahau kuhamisha ile washa (pete ya chuma) inayokaa kati ya propela ya zamani na giaboksi, wengi wanaitupa nayo. Toa uzi wa nyavu uliojisokota kwenye shafti (ziwani utakuta na magugu maji) sababu ndo unaokata sili, na oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameshaingia. Paka grisi kwenye meno, weka pini mpya, na ile propela ya zamani kama bado inazunguka vizuri iweke botini pamoja na nati moja ya ziada, pini mbili na spana yake.