Uzoefu wangu: kukodi boti na nahodha Kunduchi kwa uvuvi wa mshipi

Watu wanaokodi boti Kunduchi kwenda kuvua wikiendi huulizia kwanza bei na ukubwa wa injini. Mimi siku hizi naulizia nahodha. Nimeshapanda boti nzuri kuliko hii, yenye kivuli na viti vya sponji, nikarudi na ndoo tupu kwa sababu aliyeshika usukani alijua njia lakini hakujua samaki.

Hii ni boti ya faiba ya kawaida, mabenchi ya mbao, injini moja. Tulikwenda wanne, tukachangiana petroli, chambo na malipo ya nahodha. Yeye ni mzee aliyekulia kwenye maji hayo, na sifa zote nitakazotoa hapa ni zake.

Kabla hata ya kukubali tarehe, alitazama mwezi. Sisi tulitaka Jumamosi iliyoangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, akatushauri tungoje maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Siku za bamvua, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakuwa mkali, na ukishusha chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, kwenye kina haitulii chini, inaburutwa. Maji mafu mshipi unasimama wima na unahisi hata samaki anayedokoa tu. Akataka pia tuwe tumeshatia nanga maji yanapoanza kujaa, kwa sababu yakishasimama samaki nao wanazubaa. Ikawa hivyo hivyo: changu walikula vizuri maji yakitembea, kisha kimya.

Ila kilichonipendeza kuliko vyote ni anavyofunga chubwi. Kule tulikovua chini ni mwamba mtupu, na anayevua mshipi anajua hasara ya kunasa: unapoteza chubwi, ndoana zote mbili, na pengine samaki aliyekwisha kula. Mzee huyu hufunga chubwi mwisho kabisa wa mshipi kwa kipande cha uzi mwembamba, dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa, anavuta, kiuzi kinakatika, chubwi inabaki chini na ndoana zinapanda salama. Machubwi yenyewe ni vipande vya nondo, kwa hiyo kuacha kimoja mwambani hakumuumizi. Nimevua miaka mingi na sikuwahi kuonyeshwa jambo hili.

Chambo chake ni ngisi, amekatwa vipande virefu vyembamba na kutobolewa mara moja tu kwenye ncha, ili kibaki kinapepea majini. Kamba wa baharini nao anawapenda, lakini anasema vijisamaki humla na kuacha ndoana nyeupe kabla changu hajafika.

Na sisi hatukwenda mikono mitupu. Nilikuwa na ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imekunjwa kuingia ndani. Nikampa moja.

“Mzee, hii ukihisi amegusa usivute kwa kishindo. Mwache aondoke nayo, halafu kaza taratibu.”

“Mwanangu, samaki usipomvuta anatema.”

“Hii inamshika yenyewe pembeni mwa mdomo.”

Hakuamini, lakini alijaribu. Changu wa kwanza alipopanda, akamgeuza, akatazama ndoana ilivyokaa kwenye kona ya mdomo, akaitoa kwa vidole viwili bila kumchana. Kisha akauliza zinauzwa wapi. Nilimwachia pakiti nzima, na niliona nimelipwa vizuri kwa lile somo la chubwi.

Kuna jambo moja alilotuomba. Mahali pake hupapata kwa kulinganisha mnara na ghorofa moja la ufukweni, na alitusihi tusipaweke alama kwenye simu. Naliheshimu na nawaomba mtakaokwenda mliheshimu pia. Mbinu tupeane zote, lakini ule mwamba ndio unaosomesha watoto wake. Sisi tunaokwenda kujiburudisha hatuna haki ya kuutangaza. Pia hatakupeleka kuvua ndani ya hifadhi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu 1975, na ukimshawishi atageuza boti.

Tasi akipanda, mwachie yeye amtoe. Miba yake ina sumu na maumivu yake si ya mchezo. Mzee hubeba chupa ya maji ya moto kwa ajili hiyo, maana mkono uliochomwa ukilowekwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, maumivu hupungua.

Sasa kasoro. Jaketi za kujiokolea zimechakaa, nyingine mikanda haifungi, na hili mwenye boti lazima alirekebishe. Ubingwa wa nahodha hauwezi kuziba pengo hilo. Mpaka atakapolirekebisha, nenda na jaketi yako. Kivuli hakuna, kwa hiyo beba kofia na shati la mikono mirefu. Barafu nunua kabla ya kufika, kwa sababu asubuhi boti za wavuvi huimaliza yote.