Tomu zinazokaa pale mpigaji anapozitaka: Yamaha Stage Custom Birch

Kwa miaka kadhaa niliipigia kwaya yetu dramu za zamani ambazo mikono yake ya kushikia tomu, yaani zile ngoma ndogo zinazokaa juu ya ngoma ya besi, ilikuwa na meno, hivyo kila nilipotaka kuziinamisha nilikuwa na jino moja lililoziacha bapa mno na jingine lililozigeuza karibu kunitazama usoni. Nililichagua hilo la pili. Ncha za vijiti zikawa zinachimba ngozi badala ya kugonga na kurudi, zikiacha vishimo, na kufikia mwisho wa ibada bega la kulia lilikuwa linauma.

Seti tunayotumia sasa ni Yamaha Stage Custom Birch, na kilichonivutia zaidi ni namna inavyozishika tomu. Kila mkono una kifundo cha duara, mfano wa gololi kubwa. Ukilegeza skrubu yake tomu inainama na kugeuka upande wowote bila kupita kwenye hatua, na ukiikaza inatulia papo hapo. Kutoka kwenye kifundo hicho inatoka fimbo ya pembe sita, inayoingia kwenye kishikio kilichofungwa ubavuni mwa tomu. Ukiitelezesha tomu juu ya fimbo hiyo unaisogeza karibu nawe bila kuharibu mwinamo uliokwisha kuupata, na kwa kuwa fimbo haipenyi ndani ya mbao, sauti haikatizwi.

Tomu za juu ni fupi: ya inchi 10 ina kina cha inchi 7, na ya inchi 12 ina kina cha inchi 8. Ufupi huo una faida kubwa, kwa sababu zinaweza kushuka sana kabla hazijaigusa ngoma ya besi, ambayo kwetu ni ya inchi 22. Mpigaji mfupi namshauri atafute seti yenye besi ya inchi 20, kwani hapo tomu zitashuka zaidi.

Mimi hupanga kiti kwanza, kisha kanyagio, kisha snea (ngoma fupi inayokaa mbele ya magoti), na tomu huja baadaye zikiufuata mwili ulivyokaa. Huacha viwiko vining'inie karibu na mbavu, huinua vijiti kutoka kwenye snea, na pale vinapotua bila bega kupanda ndipo huleta katikati ya ngozi ya tomu. Mwinamo ninaoutumia ni mdogo tu. Tomu ya sakafuni, yenye miguu mitatu, huilinganisha na kimo cha snea.

Kifundo cha duara hakina alama, kwa hiyo akishakaa mpigaji mwingine na kukilegeza, mpangilio wako umepotea. Kwaya yetu ina wapigaji watatu, nasi tumechora mistari ya wino wa rangi tatu kwenye mabomba ya mikono na kwenye fimbo. Kimo na umbali vinarudi kwa dakika moja, na mwinamo kila mmoja anaupima kwa vijiti vyake.