Glavu za mitumba pale Memorial Moshi, nimewanunulia pitcha (warushaji) wangu watatu wapya

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita nilishinda soko la Memorial natafuta glavu za besiboli za vijana wetu, na kwa sababu kuna watu kila siku wananiuliza hivi vitu huku Moshi vinapatikana wapi nimeona niandike kabisa. Madukani mjini nilizunguka sana aisee, utapata mipira ya miguu, njumu, jezi, raketi, ila glavu ya besiboli sikuiona hata moja. Duka moja waliniuzia mipira sita wakaniambia ni ya besiboli, nafika nyumbani nachana mmoja nakuta raba tupu juu wamevisha plastiki, na ni myepesi, wakati mpira wenyewe unatakiwa uwe wa ngozi, mishono 108, uzito gramu 142 mpaka 149. Kijana akizoea kurusha ule mwepesi siku anashika wa ukweli mkono wote unapotea. Hela ile imekwenda hivo.

Sasa Memorial. Meza yenyewe ipo upande wa viatu na mabegi, anauza mama mmoja mtu mzima hivi na binti yake, na glavu hazitundiki juu, zinakaa kwenye kiroba chini ya meza kwa hiyo usipouliza unapita tu. Mimi nimemzoea, ananiita kocha. Nilifika asubuhi wakati wanafungua belo na nikakaa pale karibu saa nzima najaribu moja moja na hakuninunia hata kidogo, alinipa na ndoo nikalie. Hilo mimi nalihesabu sana, maana glavu huwezi kuchagua kwa macho, lazima uvae, ufunge na kufungua vidole, uingize mkono mpaka ndani usikie kama ngozi imeoza.

Ila kabla sijasema nilichonunua lazima nieleze kwa nini nilienda, maana ukienda pale bila kujua kila kijana utamtumiaje utarudi na mzigo wa glavu nzuri ambazo hazimfai mtu.

Msimu huu tumepata vijana sita wapya na watatu wanataka kuwa pitcha. Wa kwanza ana miaka 16, shuleni alikuwa anarusha mkuki, huyu mkono wake ukisimama pembeni unasikia kabisa mpira unavyolia hewani. Wa pili 15, mashoto. Wa tatu ana 14 tu, alikuja kama kacha, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, lakini anarusha vizuri na anataka kufanya vyote viwili siku moja.

Mimi besiboli ya vyuo vya Marekani naifatilia mno, hasa LSU ya kule Louisiana, na mechi ya ijumaa jioni kwao huku kwetu ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia jumamosi, naweka alamu naamka. Usajili wa vyuo ukitoka watu wote wanaangalia nani anarusha kwa kasi gani, mimi naangalia kocha atamweka wapi. Kule wikiendi moja mnacheza mechi tatu na timu ile ile, ijumaa jumamosi jumapili, halafu katikati ya wiki kuna moja, jumanne au jumatano. Ijumaa ni ya pitcha mkubwa wa timu. Huyu mgeni aliyetoka sekondari mara nyingi anaanzia jumanne, au anakaa bulpeni, pale pitcha wa akiba wanapopashia mikono, anaitwa kurusha inning (kipindi cha mechi) moja au mbili mechi ikiwa imeshaeleweka, kocha anamsoma taratibu, anajua kama akizidiwa anatetemeka au anatulia. Na nafasi zimebana kweli, timu zilizoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji sasa zinaruhusiwa wachezaji 34 tu, kwa hiyo kila mkono lazima uwe na kazi yake. Alafu usajili wenyewe hauna uhakika mpaka mwezi wa saba upite, kijana ameshasaini na chuo lakini timu ya kulipwa ikimchagua kwenye drafti na akaridhika na hela haji tena.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kade Anderson. Mashoto kama kijana wangu. Alifanyiwa ule upasuaji wa kiwiko wa Tommy John angali sekondari, ule ambao daktari Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza mwaka 1974, akaingia LSU, na mwaka wake wa kwanza 2024 hawakumtwisha, mara anaanza mechi mara anatokea bulpeni. Mwaka uliofuata ndo akawa pitcha wa ijumaa, na mwezi wa sita 2025 kule Omaha kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya vyuo na Coastal Carolina alirusha mechi nzima peke yake wakashinda 1-0, akawatoa wapigaji 10 kwa straiki, yaani bila wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani. Alirusha mirusho 130 siku hiyo. Nilishangilia mpaka majirani wakaamka lakini ile 130 iliniuma roho, nilikuwa naangalia kile kiwiko tu. Baadae timu ya kulipwa ya Seattle Mariners wakamchukua namba tatu kwenye drafti.

Wapo wanaokuja wameiva, siwezi kukataa. Kumar Rocker wa chuo cha Vanderbilt mwaka 2019 alikuwa mwaka wa kwanza na aliwatoa wapigaji 19 wa Duke kwa straiki bila wao kupata hiti hata moja, yaani hakuna aliyepiga mpira akafika besi salama. Lakini Rocker ni mmoja, na kocha wa watoto ukipanga timu yako ukidhani umepata Rocker utawavunja mikono wote.

Basi ndo nikaenda Memorial na mpango kichwani.

Glavu ya huyu wa mkuki ilikuwa rahisi kupata. Nilichagua ya inchi 12 yenye wavu uliofungwa, yaani ule mfuko wa kati ya dole gumba na kidole cha shahada hauna matundu, maana pitcha anaficha mkono ndani ya glavu anapopanga vidole kwenye mpira, wavu ukiwa wazi mpigaji anaona anashikaje na anajua kinachokuja. Kulikuwa na nyingine nzuri zaidi ya hiyo, ngozi laini kabisa, lakini ya kijivu, na sheria hairuhusu pitcha kuvaa glavu nyeupe wala ya kijivu kwa sababu mpira unapotelea humo. Niliiacha kwa uchungu. Hii ya inchi 12 mama alianza na 25,000 tukaishia 18,000.

Huyu mpango wake ni kutokea nyuma, inning mbili za mwisho, kwa sababu kasi anayo lakini bado hajui kuiweka pale anapotaka na kwa mpigaji aliyechoka kasi peke yake inatosha kwa sasa. Sitaki aanze mechi mwaka huu. Najua wazazi wake watanisema na najua timu nyingine wangemrusha kila jumamosi mpaka kiwiko kiseme.

Ya mashoto hiyo sasa ndo iliyonifanya niandike. Mtu anayerusha kwa kushoto glavu anavaa mkono wa kulia, na glavu nyingi zinazokuja ni za kuvaa kushoto. Nimezunguka miezi sijapata. Naingiza mkono ndani ya kiroba natoa moja ya kahawia, dole gumba liko upande wa pili, moyo ukaruka. Mama akaniambia hiyo kocha achana nayo, ni mbovu, imeshonwa kinyume, kila anayeijaribu anairudisha, ipo hapa miezi mitatu. Nilimwambia ukweli mama hii sio mbovu, hii ni ya mashoto na kwangu ni dhahabu, ukitaka nipandishie bei. Hakupandisha. Alisema aliniambia ni mbovu kwa hiyo atauza bei ya mbovu, 8,000. Mfanyabiashara wa namna hii mimi nitamtangaza popote.

Na huyu mashoto namuanzisha. Mechi zetu ndogo za katikati ya wiki ni zake, inning tatu tatu. Sababu ni mbili. Anaposimama kilimani, pale pitcha anaporushia, anakuwa ameangalia besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha mkimbiaji) moja kwa moja, kwa hiyo mkimbiaji wa pale anaogopa kutoka. Pili hana kasi sana lakini anaweka mpira pale kacha anaponyoosha glavu, na mtu wa hivyo mirusho yake inakuwa michache.

Wa tatu nilimnunulia glavu ya kacha, ile nene isiyo na vidole, mama alikuwa ameiweka kwenye fungu la ndondi. 20,000. Ila nimemwambia wazi siku anayokuwa kacha harushi. Miongozo ya Pitch Smart ya kulinda mikono ya vijana, ya ligi kuu ya Marekani MLB na chama cha USA Baseball, inasema hivo hivo, pitcha asiwe kacha kwenye mechi hiyo hiyo, maana kacha naye anarudisha mpira kila mrusho, mkono unafanya kazi mara mbili. Ananitajia pitcha maarufu Paul Skenes kwamba alikuwa kacha na pitcha pale chuo cha Air Force kabla hajahamia LSU, nikamwambia ni kweli, lakini Skenes alikuwa mtu mzima wa chuo na wewe una miaka 14.

Kwenye kuhesabu, miongozo ile ile kwa miaka 15 na 16 inasema mwisho mirusho 95 kwa siku, na ukivuka 75 unapumzika siku nne. Sisi nimeweka 45 kwa wote mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi uishe. Kaunta natumia tasbihi ya kidijitali, ile ya kuvaa kidoleni inayouzwa karibu na msikiti, 3,000, unabonyeza tu kila mrusho na haikosei.

Mapungufu ya hii meza yapo. Kamba za glavu nyingi zimekufa kwa kukaa, ukivuta kidogo inakatika, kwa hiyo ongeza kwenye bajeti hela ya fundi. Mimi zote tatu nilipeleka kwa Meku mmoja fundi viatu, alikata kamba za ngozi ya sendo akashona upya kwa 5,000 kila moja na kazi yake ni safi, ila usimruhusu apake rangi ya viatu. Paka mafuta ya mgando kidogo, weka mpira ndani, funga na kamba, laza chini ya godoro siku kadhaa. Jambo lingine mama anachanganya za softiboli humo humo, zile ni kubwa na mfuko wake ni mpana maana mpira wenyewe ni mkubwa, angalia namba iliyopigwa kwenye ngozi, ukiona 13 kwa pitcha acha. Helmeti hana, mipira hana. Na bei inategemea umevaaje, nenda na nguo za kawaida.

Jumamosi kijana wangu wa kushoto alirusha na ile ya 8,000. Tasbihi ilisoma 41 nikamtoa, akaomba amalizie mpigaji mmoja, nikakataa.

Jana nilipita kumsalimia mama nikamwambia ile mbovu yako imefanya kazi. Akasema sasa kila glavu ikitoka kwenye belo binti anaijaribu mikono yote miwili, na za kuvaa kulia ataniwekea pembeni.