Garrard 301 yangu ilirudi inang'aa, lakini gurudumu limeharibiwa

Fundi niliyempelekea Garrard yangu, mashine ya kuchezea santuri, aliiacha karakanani kwake wiki nzima, labda zaidi, umeme umezimwa ukutani huku swichi ya mashine yenyewe iko kwenye kuwaka. Asiyewahi kuishi na mashine ya aina hii ataona nalalamikia upuuzi. Si upuuzi, na nilikuwa nimemwonya kabla sijatoka mlangoni kwake.

Hizi haziendeshwi kwa mkanda. Mota inazungusha puli, puli inazungusha gurudumu dogo la mpira, na gurudumu hilo ndilo linalosukuma ukingo wa ndani wa sahani inayobeba santuri. Ukizima kwa swichi ya mashine, gurudumu linaachia. Ukizima ukutani, linabaki limebanwa palepale kati ya puli na sahani, na mpira uliobanwa sehemu moja siku nyingi kwenye joto la Dar lazima ubonyee. Ndiyo maana kwetu umeme ukikatika santuri ikiwa inacheza, mtu anakwenda kuzima ile swichi kwanza, tochi baadaye. Baba mdogo alitufundisha hivyo tukiwa bado wadogo. Mashine aliinunua Uingereza alipokuwa masomoni, akarudi nayo kwa meli, na miaka yote iliyokaa kwake gurudumu halikuwahi kupata kasoro. Likaja kuipata kwa mtu anayejiita mtaalamu.

Nieleze kwa nini niliipeleka. Ilikuwa imechoka. Yangu ni ya mwanzo mwanzo, ya kijivu, ile yenye beringi ya grisi. Zilizofuata walizigeuza kuwa za oili, hadi 1965 ilipokuja 401 kuchukua nafasi yake. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda, sahani inazunguka kwa kujilazimisha. Mota inanguruma. Kila ukizima, spika zinapiga "pah!" hadi watoto wanashtuka. Na boksi lake lilikuwa jepesi, mbao nyembamba zenye uwazi ndani, kila mtetemo wa mota unapanda hadi kwenye sindano. Kuiacha hivyo nilikuwa siwezi. Nina santuri za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, za taarabu za marehemu bibi, zikiwemo za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay 1928, na mashine nyingi za siku hizi hata hiyo kasi ya 78 hazina. Kwa hiyo kwangu kuifufua 301 hakukuwa starehe tu.

Na kazi, wallahi, aliifanya. Sitaki kumdhulumu. Alisafisha beringi mpaka chuma kikang'aa, akajaza grisi mpya, hakufanya ule ujinga wa kumimina oili kwenye beringi ya grisi. Mota aliifungua, akaifuta, akaitia oili kidogo panapostahili, akasawazisha zile springi inazoning'inia. Ile "pah!" alijua mara moja ni kepasita ya kwenye swichi imekufa, akabadilisha, ikaisha. Alinitafutia seremala wa kutengeneza kitako kipya cha mninga badala ya lile boksi, kizito, mtu mmoja hakibebi vizuri. Akavuta nyaya mpya za mkono wa sindano na waya wa ethi, mvumo wote ukaondoka. Nilipoiona mezani kwake nilishika mdomo. Nililipa pesa yote bila kuomba nipunguziwe.

Usiku ule nikaweka santuri moja ya zamani ya Mombasa, ya lebo ya Mzuri. Sauti ilivyofunguka! Udi ulisikika mpaka kidole kinavyogusa uzi. Halafu pale mwimbaji anapovuta pumzi, vyombo vimeshuka, nikasikia chini kabisa: tuk, tuk, tuk, tuk. Nikabadilisha santuri. Tuk, tuk. Sikulala vizuri.

Nilirudi na mpwa wangu anisaidie kubeba. Hapa ndipo damu yangu inapochemka hadi leo. Nilianza kueleza, yule fundi akanikatiza, "Mama, hizo ni santuri zako zimechakaa." Nikamwambia hapana, sikiliza kwanza. Akamgeukia mpwa wangu, kijana asiyejua hata sindano inawekwaje, akamwambia, "Kaka, mweleze mama, mashine za zamani lazima ziwe na kelele zake. Haya ni mambo ya kiufundi." Mimi nimesimama palepale! Mashine yangu, pesa yangu, na anamweleza mtoto niliyemlea!

Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nimestaafu. Kosa lingekuwa kwenye santuri, mlio ungekuja mara moja kwa kila mzunguko, na nikibadilisha santuri ungepotea. Lingekuwa kwenye mota, mlio usingebadilika nikipandisha kasi, kwa sababu mota ya 301 inazunguka kwa mwendo uleule wakati wote. Kinachobadilika ni ngazi ya puli inayogusana na gurudumu. Mlio wangu ulikuja mara kadhaa kwa mzunguko mmoja, kwenye santuri zote, na nilipotoka 33 kwenda 45 ukaongeza kasi, kwenda 78 ukaongeza tena. Kinachozunguka hivyo ndani ya mashine ile ni gurudumu peke yake. Nikamwambia ainue sahani. Hakutaka. Mpwa wangu ndiye aliyeiinua, nikalizungusha gurudumu kwa kidole mbele yake, na ile sehemu iliyobonyea ilionekana kwa macho, haikuhitaji hata miwani yangu.

Kijana wake wa kazi akasema, masikini, bila kujua anachokifungua: "Si tuliiacha iko on kipindi kile umeme ulikuwa unakatikakatika, tukachomoa ukutani?" Fundi akamtuma dukani.

Hakuomba radhi. Alisema gurudumu ni kifaa cha kuchakaa, hakimo kwenye makubaliano.

Niliagiza jipya Uingereza, maana wako watu kule wanaoyatengeneza mpaka leo, nikalipa na ushuru wake, nikasubiri. Tulilifunga wenyewe nyumbani. Tulifuta puli na ukingo wa ndani wa sahani kwa spiriti ili mpira usiteleze, nikaweka ileile santuri ya Mzuri. Kimya. Pale anapovuta pumzi nilisikia pumzi tu.

Nilikaa kuandika haya nikiwa nimeazimia kusema mtu asikanyage pale. Sasa nimeisikiliza tena tangu Magharibi, na siwezi kusema beringi ile ingetengenezwa vizuri zaidi na mtu mwingine ninayemjua katika mji huu. Mikono anayo. Kwa hiyo mwenye 301 au 401, mota na beringi mpelekee. Gurudumu lichomoe kabla hujatoka nyumbani, ni kifaa kidogo kinaingia mfukoni, umkabidhi siku ile ya kujaribu mashine tu, ukiwa umesimama hapo. Na mkiandikiana makubaliano, iandikwe kwamba mashine inazimwa kwa swichi yake. Mwanamke mwenzangu, ukienda na kaka au mume, mwambie abaki kwenye gari.

Nilikuwa nimefikia hapo, nimepoa, nikasema nimpe haki yake. Mpwa wangu kapita karakanani juzi, kanitumia picha. Ukutani kwa fundi kuna bango jipya la matangazo, na katikati yake ni Garrard yangu, kitako changu cha mninga, imepigwa picha mezani kwake kabla sijaichukua. Swichi inaonekana wazi kabisa. Iko kwenye kuwaka, sahani imesimama, na waya wa umeme umelala mezani umechomolewa!

Basi nafuta nilichosema kuhusu mota na beringi. Picha hiyo aishushe, anirudishie pesa ya gurudumu na ushuru, ndipo tuongee.