Atovastatini ya miligramu 40: inunue, lakini ujue kazi yake

Mtu akipigwa picha ya kifua na kuambiwa mshipa mkuu wa damu (aota) una chokaa, au ultrasaundi ya tumbo ikionyesha utando wa mafuta kwenye aota, dawa anayoandikiwa mara nyingi ni atovastatini. Kwenye boksi utasoma Atorvastatin, ya miligramu 10, 20, 40 au 80. Kwa mgonjwa wa Kigoma mjini, Ujiji au Kasulu, hii ndiyo dawa ya lehemu (kolesteroli) tunayoipa alama za juu kuliko zote. Hata hivyo, wengi huiacha baada ya boksi la kwanza kwa sababu waliahidiwa kwamba "itazibua mshipa".

Haizibui. Utando haukai juu ya mshipa kama kutu ndani ya bomba. Ni mafuta yaliyopenya ndani ya ukuta wenyewe, yakazungukwa na seli za uvimbe, nyuzi, na mwishowe chokaa. Dawa hulipunguzia ini uwezo wa kutengeneza lehemu, nalo ini huanza kuivuta ile mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Polepole, mafuta yaliyo katikati ya utando hupungua na ngozi inayoyafunika hukomaa, isipasuke kirahisi. Faida kubwa iko hapo, kwa sababu utando wa aota ukipasuka, vipande vyake na damu iliyoganda husafiri hadi kwenye ubongo, figo au vidole vya miguu. Chokaa hubaki, na baada ya miaka inaweza hata kuongezeka kwenye picha. Usiichukue hiyo kuwa ishara ya dawa kushindwa.

Kipimo cha kuifuatilia ni cha damu. Pima LDL na hali ya ini kabla ya kuanza, kisha rudia LDL baada ya wiki 4 hadi 12. Miligramu 10 hushusha LDL kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, na 40 kwa karibu nusu. Kila unapozidisha dozi mara mbili unaongeza takriban asilimia 6 tu, kwa hiyo kukimbilia 80 bila ushauri wa daktari ni kununua maumivu ya misuli kwa faida ndogo. Mwenye utando uliothibitishwa hulengwa LDL iwe chini ya 1.8 mmol/L, na wenye hatari kubwa zaidi chini ya 1.4.

Kwa matumizi tunaipendelea kuliko simvastatini, inayopaswa kumezwa usiku. Hii unaimeza saa yoyote, kabla au baada ya kula, mradi iwe saa ile ile kila siku. Ukisahau na zimebaki chini ya saa 12 kufikia dozi inayofuata, iache ile uliyosahau. Usimeze viwili pamoja. Acha vidonge kwenye karatasi yake ya bati. Kuvimimina kwenye kichupa, katika unyevu wa pembeni mwa ziwa, kunaweza kuviharibu. Ukiuziwa vidonge vichache vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake, dai uone tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo.

Kwa Kigoma lazima tuseme habari ya mawese. Mawese mekundu yana vitamini A na hayana lehemu yenyewe, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 7 za mafuta hayo, wakati alizeti ina kama gramu moja na nusu. Kiwango cha juu cha siku nzima kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 22, yaani vijiko vitatu vya mawese vimekimaliza, kabla hujahesabu nyama na maziwa. Huna haja ya kuyahama kabisa: pika migebuka chukuchuku, kaangia alizeti, mawese yabaki kijiko cha kuonjea ladha. Sigara nayo iachwe, na presha ishuke chini ya 130/80, maana presha ndiyo inayouchosha ukuta wa mshipa.

Mwambie mfamasia dawa zote unazotumia. Klarithromaisini na baadhi ya dawa za VVU huipandisha atovastatini mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa mweusi kama kahawa, acha kumeza na uende hospitali siku hiyo hiyo. Sukari inaweza kupanda kidogo. Mwenye kisukari aendelee kumeza na apime. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa mkali wa ini wasiinunue.

Maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo, mdomo kupinda, au vidole vya miguu kugeuka bluu si mambo ya duka la dawa. Nenda moja kwa moja Hospitali ya Maweni, Kigoma, au hospitali iliyo karibu nawe.